Nilivyosafisha Sauti ya Sabufa Mpaka Kamati ya Kwaya Ikanisikia

Leo nimeaibika sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya kamati ya kwaya, kwa mitambo niliyoifunga kwa mikono yangu. Sikusukumwa na mtu. Naandika mapema kabla mke wangu, Mama Glory, hajawasimulia, maana yeye akisimulia anaigiza na sauti.

Nianze na chanzo, ili mnionee huruma mahali panapostahili.

Mimi ni mtu wa besi. Kwa msiokaa kwaya, besi ni sauti ya nne, ile nzito ya wanaume inayokaa chini na kuwabeba wengine. Nina miaka minne kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Tunduma. Mwezi uliopita kiongozi wetu wa besi alihamia Mlowo kwenye biashara ya kununua kahawa, kiti kikabaki wazi. Na si kiti cha kawaida. Mwaka huu kwaya inakwenda kurekodi, na kiongozi wa besi ndiye atakayeanzisha wimbo wa kwanza, peke yake, kabla hata kinanda hakijaingia. Sitawaficha, nilikitaka. Nilikitaka mpaka nikawa nafanya mazoezi bafuni na ndoo mdomoni ili sauti izunguke.

Waliokuwa wanatajwa ni wawili tu. Mimi, na Silwimba, wakala wa forodha anayeshinda mpakani na makaratasi ya malori. Silwimba ana kasauti kadogo, utadhani anaomba radhi kwa kuimba. (Hayo ni maneno yangu ya wiki iliyopita. Leo nimeyala yote.)

Silaha yangu ilikuwa moja. Miaka kumi na sita iliyopita, nikiwa kijana Mlowo, kwaya yetu ya vijana ilirekodi nyimbo chini ya Mwalimu Haonga. Wimbo wa tatu una besi ambayo ukiisikia lazima uulize ni nani. Besi ile ni mimi. Nilimwambia Mama Glory tangu enzi za uchumba. Nimewaambia watoto, nimewaambia wateja dukani kwangu wanaokuja kununua oili ya gari na hawana habari na kwaya. Na jamani, sikuwa nadanganya. Niliamini. Kila nikiusikiliza wimbo ule kwenye sabufa yangu, wanawake wanasikika kwa mbali, na chini yao kuna kitu kinanguruma. Nilijua kabisa kinachonguruma ni mimi.

Basi nikamfuata Mama Sichone, mwenyekiti wetu wa kwaya, anayeuza vitenge pale karibu na mpaka. Nikamwambia kabla hamjachagua, njooni nyumbani msikilize ushahidi. Mama Sichone hana neno, akasema watakuja Jumamosi saa tisa alasiri kabla ya mazoezi. Yeye, Mwalimu Kibona anayetufundisha, na katibu wa kwaya. Katibu wa kwaya ni Silwimba. (Msiniulize. Kanisani kwetu mgombea anaweza kuwa ndiye anayeandika muhtasari.)

Tatizo likawa sabufa.

Niliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, miaka minne iliyopita. Mzambia aliyeniuzia aliniita mzee kwa lugha yao, akaniapia, "Bamudala, hii ukiiwasha, hata jirani hatanunua redio." Hilo lilikuwa kweli. Inatikisa vikombe kabatini. Ila maneno ya wimbo huyasikii, unabaki kukisia tu kama ni pambio au ni tangazo la mbolea. Nikaona nikiwaletea wazee wa kamati muungurumo ule, Silwimba atasema ni lori limepita. Nikaamua kusafisha sauti. Mwezi mzima nimeangalia video za mafundi kwenye simu, mpaka Mama Glory akaanza kuuliza kama nimepata kazi nyingine.

La kwanza nililojifunza, wimbo wenyewe ulikuwa umechakaa. Niliokuwa nao ulikuwa umepita kwenye makundi ya simu sijui mangapi, na kila ulipopita ulikuwa unaminywa ili uwe mwepesi. Ulifika kwangu umebaki makapi. Dada yangu Mlowo alikuwa bado na CD ya asili kwenye kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Nikaifuata. Fundi mmoja wa kompyuta, rafiki yangu, akauingiza kwenye kompyuta yake ndogo bila kuuminya hata kidogo, kisha akaniazima kompyuta yenyewe mpaka Jumatatu.

La pili, niliachana na kurusha muziki hewani kutoka kwenye simu. Niliagiza kidude fulani Dar, kidogo kama kiberiti, kinachokaa katikati ya kompyuta na sabufa. Kazi yake ni kuchukua muziki ukiwa bado ni tarakimu na kuugeuza kuwa sauti safi, kazi ambayo kompyuta yenyewe huifanya ovyo ovyo. Nilimweleza Mama Glory jambo hili kwa nusu saa nzima, na michoro. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni waya," akasema.

La tatu lilikuwa gumu zaidi, maana liligusa ukweni. Spika zangu zilikuwa bado na nailoni ya dukani, na juu ya nailoni zimevalishwa vitambaa vya kufuma, kazi ya mikono ya mama mkwe wangu kule Ibaba. Vitambaa vizuri sana, vyenye maua na ndege. Lakini video zote zilisema spika haitakiwi kuvaa nguo. Mama Glory akaniambia kama ninataka kuvivua niende Ibaba nikamweleze mama yake mwenyewe, uso kwa uso. Tukakubaliana vivuliwe kwa saa mbili tu, siku ya kamati, na baada ya hapo virudi. Nailoni niliitoa kimyakimya, nikaona chini yake kuna spika nyeusi inayong'aa ambayo sijawahi kuonana nayo.

Nikatoa sabufa kwenye kona, maana kona inaifanya ivimbe. Spika ndogo mbili nikazipandisha juu ya vigoda ili zitazamane na masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi kubwa. Zile taa zake za kuwakawaka za rangi nikazizima, japo roho iliniuma.

Jana jioni nikaujaribu wimbo. Wanawake, jamani! Unawasikia mpaka wanavyovuta pumzi. Kuna dada mmoja anameza mate kabla ya kiitikio, nimemsikia. Lakini besi yangu ilikuwa imepungua. Ilikuwa kwa mbali, kama iko chumba cha pili. Nikalala nikiwaza sauti yangu imekwenda wapi.

Leo asubuhi nikaamka kuitafuta. Nikageuza spika ya kulia, nikaangalia waya unapoingilia. Nikakuta ncha zake hazijamenywa. Plastiki imeingizwa tunduni nzima nzima, shaba imelala ndani haijui kinachoendelea. Nani alifunga ule waya? Mimi. Lini? Siku ile ile niliyotoka nayo Nakonde. Kwa miaka minne spika ya kulia haijatoa hata mlio wa mbu, na mimi nilikuwa nadhani ndivyo zilivyo, moja inaimba na nyingine inasindikiza.

Hapo nikaelewa. Muziki una pande mbili, kushoto na kulia, na mimi maisha yangu yote na sabufa hii nilikuwa nasikiliza upande mmoja, na ule muungurumo ulikuwa wa sabufa kuvimba konani tu. (Kwenye simu nako kila kitu kinachanganyika kama makande.) Nikakumbuka siku tuliyorekodi: ndani ya kanisa, jenereta la kuazima, maikrofoni mbili tu, moja mbele ya wanawake na moja mbele yetu sisi wa besi. Kwa hiyo sauti yangu yote ilikuwa upande wa kulia, inanisubiri. Nilimenya waya kwa furaha. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikanyanyuka niwashe.

Umeme ukakatika.

Ulikatika saa nne asubuhi na haukurudi mpaka saa tisa kasoro dakika chache, kamati ikiwa inavua viatu mlangoni. Sikuwa na muda wa kujaribu. Wala sikuona haja. Nilishasikia upande wa wanawake, sasa ninauongeza wa kwangu, nijaribu nini tena?

Wakakaa. Mama Sichone na Mwalimu Kibona niliwapa kochi kubwa, mahali penye sauti bora. Silwimba nilimweka kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango, mahali ambapo video zinasema sauti haifiki vizuri. (Mungu anaona.) Mama Glory akaleta chai na mihogo ya kukaanga, naye akabaki amesimama mlangoni kwa jikoni na sinia lake.

Nikatoa hotuba. Nikawaeleza habari ya wimbo kuminywa na kutominywa, kidude cha Dar, kushoto na kulia. Mwalimu Kibona ni mtu wa Ileje, mpole, akikusikiliza unadhani anakubaliana na wewe. Mwishoni nikawaambia hivi: "Sitaki kujisemea. Mtanisikia wenyewe." Silwimba akayaandika maneno hayo kwenye daftari. Nikabonyeza, nikaenda kusimama katikati ya sebule, mikono nyuma, macho nimefumba.

Wanawake wakaanza. Safi. Mama Sichone akaacha kutafuna. Mistari miwili ikapita, nasi wa besi tunatakiwa kuingia mwanzoni mwa mstari wa tatu.

Mmoja akaingia katikati ya mstari wa pili.

Aliingia peke yake, kwa nguvu zote, kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Akagundua yuko peke yake, akakaa kimya. Kisha wenzake wakaingia mahali pake, wakiongozwa na besi moja tamu, nene, iliyotulia. Nikaitambua. Ilikuwa ya Yona, jamaa mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe za wajomba wake huko Kamsamba na kuja kwetu likizo. Kisha yule wa kwanza akarudi, juu ya Yona, nusu hatua nje ya wimbo, na haondoki.

"Huyu aliyetangulia ni nani?" Mama Sichone akauliza.

Nikamwambia labda ni mitambo. Lakini moyoni nilishajua. Sauti yako mwenyewe unaijua, hata kama hujawahi kuisikia.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Kati ya ubeti na ubeti pale kuna kinanda kidogo, na juu ya kinanda, kutoka spika ya kulia, safi kabisa, bila kuminywa hata kidogo, ikaja sauti ya Mwalimu Haonga akinong'ona. Alikuwa amesimama jirani na maikrofoni yetu. Ilisikika kana kwamba naye amekaa kwenye kochi, kati ya Mama Sichone na Mwalimu Kibona.

"Festo," alinong'ona. "Festo, baba. Pumzika kidogo."

Mimi ndiye Festo.

Kalamu ya Silwimba ikasimama. Ubeti wa pili ukaanza, na Festo hakupumzika. Festo aliongeza. Nilikimbilia kompyuta niizime, nikakuta kioo kimejifunga, kinadai neno la siri. Kompyuta ni ya kuazima, neno la siri analo mwenyewe. Nikabonyeza simu yangu kwa mazoea, simu ambayo niliitoa mwenyewe kwenye mfumo kwa ajili ya ubora. Wimbo unaendelea. Basi nikapiga magoti nyuma ya kigoda, nikashika waya wa kwanza niliouona, nikauvuta.

Nilikuwa nimevuta wa kushoto.

Wanawake wote wakatoweka. Kinanda kikatoweka. Sebuleni tukabaki na spika ya kulia tu, yaani maikrofoni yetu, yaani mimi, kwenye ubora ambao nimeutafuta mwezi mzima. Kila nilipokosea palisikika mara mbili, nikikosea na nikijaribu kurekebisha. Na katikati ya ubeti, Mwalimu Haonga, Mungu ambariki popote alipo, akarudi karibu na maikrofoni.

"Festo, basi usiimbe. Fungua mdomo tu."

Sinia la Mama Glory likaanguka. Yeye mwenyewe akafuata, akakaa chini mlangoni, amejifunika uso na khanga, mabega yanaruka. Mama Sichone alikuwa anafuta machozi kwa kitenge na kusema "samahani Baba Glory, samahani," huku anaendelea. Aliyeniokoa ni Silwimba. Aliinuka taratibu kwenye kiti chake kibaya, akaenda ukutani, akazima swichi. Hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kama wangecheka wote.

Nikabaki nimepiga magoti na waya mkononi. Nikasema jambo moja la kujitetea, kwamba wallahi sikumsikia Mwalimu Haonga siku ile. (Mkristo mzima, naapa kwa wallahi. Ndiyo kukaa Tunduma.) Na ni kweli. Nilikuwa naimba, ningemsikiaje? Nilichokumbuka ni mkono wake tu. Alikuwa ananitazama mimi, katika vijana wote wale, na kuukandamiza mkono chini, kiganja kikitazama sakafu, tena na tena. Nikawaambia nilijivunia sana ishara ile. Nilijua ananiambia nichimbe chini zaidi, nibebe wenzangu, ananitegemea.

Mwalimu Kibona akaweka kikombe mezani. Akanyanyua mkono wa kulia, akaukandamiza chini polepole.

"Hivi?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, hivyo hivyo.

"Festo. Mimi ishara hii nimekuonyesha miaka minne. Kila Jumapili."

Nilikuwa najua. Ndiyo sababu nilikuwa na uhakika kwamba kiti ni changu. Katika besi yote ni mimi peke yangu niliyekuwa naonyeshwa mkono ule, na mimi kila Jumapili nilikuwa namlipa kwa kuongeza. Nikamtazama, akanitazama. Nikaona anaelewa jambo ambalo limemsumbua miaka minne, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetua mzigo.

"Mimi nilidhani una kiburi," akasema.

Hapo ndipo nilipotaka ardhi ipasuke. Si kwa sababu ya sauti. Kwa miaka minne mtu mpole kama yule ameninyamazisha kwa heshima, bila kunitaja mbele za watu, na kila mara nikamjibu kwa kumpigia kelele usoni. Nikamwomba radhi. Sikutania. Akasema hakuna tabu, na kwamba angepaswa kuniuliza siku nyingi, ila kwao Ileje mtu mzima hakemewi mbele ya wenzake.

Kura haikuchukua muda. Silwimba ni kiongozi wa besi kuanzia leo. Alinyoosha mkono kuuliza kama na yale maneno ya Mwalimu Haonga ayaweke kwenye muhtasari. Mama Sichone akamwambia aandike tu kwamba ushahidi ulisikilizwa.

Tukaenda mazoezini wote pamoja, kwa miguu, mimi nyuma. Mwalimu Kibona akanyanyua mkono, akaukandamiza, na kwa mara ya kwanza nikafanya anachotaka. Nikaimba kwa sauti ya kumwambia mtu siri. Na ghafla nikawasikia wenzangu. Silwimba yuko kushoto kwangu, na kile nilichokiita kasauti kadogo kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kulia kuna mzee mmoja wa mtaa wa Sogea ambaye nilidhani anakuja kwaya kupumzika tu, kumbe anaimba vizuri mpaka nikasahau mstari wangu. Miaka minne nimesimama katikati ya watu hawa na sijawahi kuwasikia.

Nimerudi nyumbani nimevisha spika vitambaa vya mama mkwe. Mwezi mzima nimetafuta kinachoharibu sauti, nimebadilisha faili, nimebadilisha waya, nimehamisha sabufa, kumbe kilichotakiwa kupunguzwa ni mimi.